Namna ya kupanda miti kwenye vilima vya mawe vya Mwanza ikavuka kiangazi

Vilima vya mawe ndivyo bustani za watu wa Mwanza. Jioni vijana wanapanda kupiga picha, wazee wanapunga upepo, wanafunzi wanajisomea juu ya jiwe huku feri ya Kamanga ikikata maji kule chini. Kinachokosekana ni kivuli. Ndiyo maana kila mwaka vikundi vya mitaa, makanisa, misikiti, shule na ofisi vinapandisha miche huko juu, na kila mwaka miche inakauka kabla mvua haijarudi. Mwaka unaofuata mashimo yanachimbwa palepale.

Kikundi chetu cha Ilemela kilianza hivyohivyo. Tulipanda miche 80 tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Bibi mmoja anayeishi chini ya kilima alikuwa akitutazama kutoka uani kwake. Tulipopita tukamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Wajukuu zangu, hiyo miti hamjaipanda. Mmeiaga." Septemba tulirudi tukakuta vijiti.

Tarehe hiyo kwetu ni mwanzo wa kiangazi. Masika yameshapita, na mche unapewa miezi minne ya jua juu ya udongo wa kichanga usiokaa na maji. Siku ya kupanda kwenye kilima cha Mwanza iko Novemba, na kazi inayouokoa mche inaanza Agosti. Mwongozo huu unafuata kalenda hiyo.

## Vitu vya kuandaa

Hesabu hii ni ya miche 40. Kikundi cha watu kumi hakipaswi kuzidi hapo, na sababu iko kwenye hatua ya kwanza.

- Miche 40, na mingine 8 ya akiba
- Mtaimbo 1, sululu 2, majembe 2, sepeto 1
- Makarai 2 na panga 1
- Madumu 10 ya lita 20
- Samadi iliyoiva, makarai 20
- Mkasi wa kupogolea, au kisu kikali
- Matawi ya miiba, na wavu wa kuku kwa miche iliyo jirani na pimbi
- Chupa tupu za plastiki za lita moja na nusu, moja kwa kila mche
- Chokaa au vitambaa vya rangi vya kuwekea alama
- Glavu ngumu na viatu vilivyofunika mguu
- Daftari

Kabla ya yote, pata ruhusa. Kilima kisicho na nyumba si kilima kisicho na mwenyewe: kinaweza kuwa cha taasisi, cha mtu binafsi, au kimeshapimwa viwanja. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri. Ukiwa Nyamagana ni Halmashauri ya Jiji, ukiwa Ilemela ni Manispaa. Omba ruhusa ya maandishi. Inauma sana kuona mti wa miaka mitatu unang'olewa kwa sababu mlikubaliana kwa mdomo.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya miche (Agosti)

Mche mmoja kwenye kilima unahitaji kama lita 5 kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza. Miche 40 ni lita 200, yaani madumu kumi kila wiki. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba ni wiki 17, hivyo madumu 170 yatapandishwa mlimani kwa kichwa au begani, na kila dumu lina kilo 20.

Sasa kaa na wenzako muulizane: nani atabeba, siku gani, maji yatachotwa wapi, na nani atalipia bili ya bomba? Mkiwa kumi na kila mmoja akapandisha dumu moja kila Jumamosi, mnaimudu miche 40. Mkiwa wanne, pandeni 16. Wengi wanakosea hapa. Wanaletewa miche 300 ya bure, wanaona aibu kuikataa, wanaipanda yote, na yote inakosa maji. Miche inayozidi maji yenu wapeni majirani wakapande uani, karibu na bomba.

*Umefaulu ukiwa na:* orodha ya majina na siku za zamu, imeandikwa kwenye daftari, kabla hata mche mmoja haujafika.

## Hatua ya 2: Soma kilima (Agosti mpaka mvua za kwanza)

Watu wengi huchagua mahali pa kupanda kwa kutafuta eneo la wazi, tambarare, mbali na mawe, lenye nafasi za kulingana. Kwenye shamba ni sawa. Kwenye kilima cha mawe ni kosa, kwa sababu pale penye uwazi katikati ndipo udongo mara nyingi ni mwembamba, jua ni kali na maji hayasimami. Jiwe tunalolikwepa ndilo lenye maji.

Fanya hesabu hii. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Jiwe lenye uso wa mita 10 za mraba, ambalo kwa mawe yetu ni dogo tu, likipata mvua ya milimita 10 linapokea lita 100. Jiwe halinyonyi. Toa kidogo kinachorukia pembeni na kinachokauka, kinachobaki chote kinateremka kwenye kiguu cha jiwe, upande mmoja au miwili ileile, kila mvua. Hayo ni madumu manne au matano ambayo hakuna aliyeyabeba. Mche uliopandwa hapo unaishi kwenye eneo lenye mvua kubwa kuliko jirani yake aliye mita sita pembeni.

Namna ya kupapata:

Kwanza, panda kilimani Agosti wakati nyasi zimekauka. Tafuta mahali nyasi zimebaki kijani, au zimekauka mwisho. Karibu kila mara ni chini ya jiwe au kwenye mfereji kati ya mawe mawili. Weka alama ya chokaa.

Pili, tafuta vichaka na miti midogo iliyojiotea yenyewe. Ukiona mkuyu au mti wowote umeng'ang'ania ufa, ujue chini yake kuna mfuko wa udongo na unyevu. Mche wako unaweza kuwa jirani yake, hatua chache kuteremka.

Tatu, mvua za kwanza za vuli zikinyesha, rudi mara tu zinapokatika. Utaona michirizi ikiwa bado inang'aa kwenye mawe, na utajua maji yanaangukia wapi hasa. Alama ya Agosti na alama ya siku hiyo zikikutana, hapo ni mahali pa mti.

Onyo: rudi mvua ikishakatika, si wakati inanyesha. Radi za ukanda wa ziwa si za kubahatisha, na mtu aliyesimama juu ya jiwe ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo jirani. Wingu likijikusanya upande wa ziwa, teremka.

Onyo la pili ni zito zaidi. Usichimbe kamwe chini ya jiwe lililokalia udongo, hata kama pana unyevu mzuri. Kuna mawe yaliyoshikana na mwamba na kuna yaliyokaa tu, na chini ya vilima vyetu kuna nyumba za watu. Ukiona pengo linalopitisha mwanga chini ya jiwe, au udongo mpya uliobomoka pembeni yake, nenda kwingine. Shimo lako liwe angalau mita moja na nusu kutoka kwenye jiwe kubwa, upande ambao maji yanafika lakini jiwe halikuegemei.

Acha pia nafasi ya mita tatu kutoka kwenye njia ya watembeaji, na usizibe mahali watu wanapokaa kutazama ziwa. Mti unaoziba mandhari utakatwa na haohao uliowapandia. Kivuli kikae nyuma ya mgongo wa mtazamaji.

*Umefaulu ukiwa na:* alama kati ya 40 na 50 zilizotawanyika bila mstari wowote. Zikikaa kwenye mistari iliyonyooka, umesoma kamba, hujasoma kilima.

## Hatua ya 3: Hesabu visiki vilivyo hai (Septemba)

Kwenye vilima vingi vya Mwanza kuna miti iliyokatwa kuni miaka mingi iliyopita na mizizi yake bado inaishi. Kila mvua inachipua, kila kiangazi inakatwa au kuliwa na mbuzi. Chipukizi la namna hiyo lina mzizi uliokwisha kupenya ufa wa mwamba, kitu ambacho mche wa kiriba, yaani ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, utakitafuta kwa miaka.

Katika kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu, yaliyonyooka na manene kuliko mengine. Kata yaliyobaki karibu kabisa na kisiki. Pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, mpaka nusu ya urefu, usizidi hapo. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye kutafuta kuni ajue kina mlezi.

Wasukuma tunalijua jambo hili kwa jina la ngitili: eneo linafungiwa mifugo wakati wa mvua ili majani yawepo kiangazi, na miti nayo inapata nafasi ya kuinuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulitumia utaratibu huohuo kurudisha uoto kwenye ardhi iliyokuwa imebaki wazi. Kisiki hakihitaji dumu la maji wala shimo. Ukipata visiki 20, una miti 20 ya bure yenye uhakika mkubwa kuliko yote utakayoipanda.

*Umefaulu ikiwa:* mwezi mmoja baada ya mvua kuanza, machipukizi uliyoyaacha yamenenepa na kisiki kimetoa mapya machache tu, ambayo utayakata tena.

## Hatua ya 4: Chagua mti na uukague mche

Kwa kivuli cha kilimani ninaiamini miti hii: mkwaju, ambao ni mvumilivu na wa polepole, mwarobaini, unaokwenda haraka, mjohoro, na mgunga. Mzambarau ni kivuli kizuri mno, lakini uweke kwenye zile alama chache zenye maji mengi kuliko zote. Mkuyu vilevile.

Mkaratusi usiupandishe huku. Unakua upesi na ndiyo sababu watu wanaupenda, ila unakunywa maji mengi, na kivuli chake ni haba kwa mtu anayetaka kukaa.

Miche inapatikana kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa watu binafsi wenye vitalu kando ya barabara. Kwenye kitalu usivutiwe na mche mrefu. Mche wa kimo cha sentimita 30 hadi 45, wenye shina nene kama penseli, unashika haraka kuliko wa mita moja uliokaa kwenye kiriba kidogo mwaka mzima. Geuza kiriba utazame chini: mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha, uache. Muulize mwenye kitalu kama miche imezoeshwa jua. Kama bado iko chini ya chandarua cha kivuli, ichukue wiki tatu mapema, iweke uani kwako na upunguze maji na kivuli taratibu.

## Hatua ya 5: Chimba mashimo (mwisho wa Septemba na Oktoba)

Kwenye kila alama, shindilia mtaimbo kwanza. Ukizama sentimita 50 bila kulia, chimba. Ukigonga mwamba na kulia "ng'aa" kwenye sentimita 20, sogea nusu mita ujaribu tena. Ukikosa mara nne, acha alama hiyo.

Shimo liwe na upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45, au 60 panaporuhusu. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Ule wa juu ndio wenye rutuba, na ndio utakaorudi kwanza, chini, kwenye mizizi.

Halafu fanya jaribio la dumu moja: mimina maji kwenye shimo jioni. Ukirudi asubuhi ukakuta maji bado yamesimama, chini kuna bakuli la mwamba na mizizi itaoza masika, lifukie. Maji yakitoweka ndani ya dakika chache, ni mchanga mtupu. Utaongeza samadi iliyoiva na udongo kidogo wa kichuguu. Huna haja ya kupima mashimo yote, pima matano ya pande tofauti za kilima.

Changanya udongo wa juu na nusu karai ya samadi iliyoiva, rudisha shimoni, acha mvua zilishindilie. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa.

Vaa glavu muda wote. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani, maana nyoka na nyuki wana makazi yao humo. Ukisikia mvumo ndani ya jiwe, hamisha kazi.

## Hatua ya 6: Siku ya kupanda (Novemba)

Usipange tarehe kwa kadi za mwaliko. Subiri udongo ulowe mpaka kina cha sentimita 30: chimba kidogo kwa panga, shika udongo, ukiufinyanga ukashikamana, wakati umefika. Ukipanda Novemba mche unapata vuli, kisha manyunyu ya hapa na pale ya Januari na Februari, kisha masika yote. Anayepanda Aprili anaupa mche wiki chache tu kabla ya jua.

Pandeni jioni au siku ya mawingu. Mche ubebwe kwa kushika kiriba chini, kamwe si kwa shina.

1. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye kiriba, saa moja kabla.
2. Kata sentimita moja ya chini ya kiriba pamoja na mizizi iliyojikunja. Chana upande, ondoa plastiki yote. Kiriba kikibaki, mizizi inazunguka humohumo.
3. Weka mche shimoni, shingo yake iwe sawa na uso wa udongo.
4. Rudisha udongo, shindilia kwa kisigino taratibu kuzunguka.
5. Jenga nusu mwezi wa mawe na udongo upande wa *chini* wa mche, mdomo ukitazama juu mlimani. Maji ya jiwe yaingie humo, yasimame, yanywee.
6. Kama maji ya jiwe yanakuja kwa nguvu, tanguliza mawe mawili bapa yayavunje kasi.

*Umefaulu ikiwa:* ukivuta jani la mche polepole, jani linatoka na mche hautikisiki. Na baada ya mvua ya kwanza, maji yanasimama ndani ya nusu mwezi kisha yanaisha ndani ya saa moja.

Kiriba kilichotolewa kirudi nyumbani nawe. Desemba rudi ujaze mapengo kwa ile miche minane ya akiba.

## Hatua ya 7: Walaji

Mbuzi. Zungushia miiba. Lakini kwanza nenda kwa wenye mbuzi, waamkie, waeleze, waombe. Uzio wa miiba bila maelewano hudumu wiki mbili.

Pimbi. Wageni hawamfikirii kabisa, na ndiye anayewashinda. Utamwona asubuhi akiota jua juu ya jiwe. Anatafuna majani na kubandua gome la mche mpaka unakufa. Tafuta michirizi myeupe na ya kahawia kwenye nyuso za mawe pamoja na vinyesi vilivyorundikana: hapo ni kwake, na mche usiwe jirani. Usipokuwa na njia, funika mche kwa wavu wa kuku uliofungwa juu pia, kwa sababu anajua kupanda. Msimtegee wala kumpiga mawe. Kilima ni chake kabla ya kuwa chetu, na watoto wanapenda kumtazama.

Mchwa. Wanapenda mche wenye kiu. Usirundike majani makavu kwenye shina, nyunyiza majivu kulizunguka, na usikose zamu ya maji.

## Hatua ya 8: Kazi ya tarehe 5 Juni

Sasa sherehekeeni, kwa kazi inayofaa siku hiyo. Kazi ni mbili.

Ya kwanza ni matandazo ya mawe. Okota kokoto na mawe bapa ya ukubwa wa kiganja, yapange kuzunguka mche kwa upana wa nusu mita, ukiacha vidole vinne kutoka kwenye shina ili jiwe lenye joto lisiliunguze. Mawe yanazuia unyevu kupanda na kupotea, hayaliwi na mchwa, hayashiki moto. Matandazo ya nyasi ni mazuri bustanini, ila huku ni kuni.

Ya pili ni mkanda wa kuzuia moto. Fyekeni nyasi zote kwa upana wa mita tatu kuzunguka eneo, na nyasi zilizofyekwa zitolewe nje. Moto mmoja wa Agosti unamaliza kazi ya miezi kumi kwa nusu saa.

## Hatua ya 9: Kiangazi cha kwanza

Mwagilia mara moja kwa wiki, lita 5 kwa mkupuo, jioni. Kunyunyiza kikombe kila siku kunafanya mizizi ibaki juu juu ikisubiri kikombe. Maji mengi yaliyozama yanaivuta chini, kwenye nyufa.

Ili yazame taratibu tumia chupa. Toboa mfuniko matundu mawili ya msumari mwembamba, kata kitako cha chupa, ifukie kichwa chini shubiri moja kutoka kwenye shina. Jaza kupitia kitako, kisha funika kwa jiwe bapa ili maji yasikauke wala mbu wasizaliane. Mwenye uwezo atumie chungu kidogo cha udongo kisichopakwa kitu; kinavuja chenyewe kwa utaratibu mzuri zaidi. Chupa zote zing'olewe kiangazi kikiisha.

Mche ukipukutisha majani Julai usiung'oe. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: chini kukiwa kijani, uko hai, endelea na zamu.

Hesabu miche yako tarehe 1 Oktoba, na hiyo ndiyo idadi ya kumwambia mwenyekiti wa mtaa. Sisi mwaka wa pili tulipanda 30, Oktoba tukakuta 23. Bibi alitaka kuonyeshwa mmoja mmoja, akapanda nasi mpaka kwenye mkwaju wa nne akaketi hapo.

Kiangazi cha pili mwagilia mara moja kila wiki mbili. Cha tatu usimwagilie, ila mzambarau na mkuyu. Mti ukizidi kimo cha mtu, fungua wavu wa kuku kabla shina halijaubana, na ile miiba isogeze kwa mche unaofuata.